Mafuta ya Gari: Kununua Jina au Kununua Kiwango?

Katika mji wa Kibiti, yapata kilomita 140 kusini mwa Dar es Salaam katika barabara iendayo Lindi na Mtwara, duka la vipuri halikai mbali na gereji, wala gereji haikai mbali na kituo cha mabasi. Hapo hupita magari ya kila namna: mabasi madogo yanayowapeleka abiria wa Mafia na wa vijiji vya delta hadi bandari ndogo ya Nyamisati, magari ya mizigo yanayobeba samaki na kambamiti, na pikipiki za abiria zisizo na idadi. Mengi ya magari hayo madogo yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Kila siku mwenye chombo mmojawapo husimama mbele ya rafu ya duka na kukabiliwa na swali lile lile. Je, anunue kopo lenye nembo ya kampuni iliyounda gari lake, kwa bei kubwa, au anunue kopo la jina lisilojulikana, kwa bei ambayo mfuko wake unaiweza?

Majibu mawili husikika mara nyingi. La kwanza husema: weka ya kampuni yenyewe, usije ukajuta. La pili husema: mafuta ni mafuta, tofauti ni karatasi iliyobandikwa nje. Kila jibu lina watetezi wake, na kila jibu limewahi kumwingiza mtu hasarani. Hoja ya makala haya ni kwamba majibu yote mawili yanakosea kwa sababu moja: yote yanaangalia jina, yakiacha kuangalia kiwango. Mwenye gari hahitaji jina ndani ya injini yake. Anahitaji kimiminiko chenye sifa zilizotajwa na mhandisi aliyeibuni injini hiyo, na sifa hizo zimeandikwa kwa herufi na tarakimu ambazo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kufundishwa kuzisoma.

Jina hutoka wapi?

Kwanza yafaa kuondoa dhana moja. Watu wengi hudhani kwamba oili yenye nembo ya kampuni ya magari hutengenezwa na kampuni hiyo, kama inavyotengeneza milango na viti. Sivyo. Kwa kawaida kampuni za magari hazisafishi mafuta ghafi. Huandika orodha ya sifa zinazotakiwa, kisha hununua kutoka kampuni za mafuta bidhaa inayokidhi orodha hiyo, na kuitia nembo yao.

Ndani ya kopo la oili ya injini mna vitu viwili. Cha kwanza ni mafuta ya msingi, ambayo ndiyo sehemu kubwa. Cha pili ni viongezi, yaani kemikali za kuzuia kutu, kusafisha masizi, kupunguza mikwaruzo na kuchelewesha kuharibika kwa mafuta kwa ajili ya joto na hewa ya oksijeni. Viongezi hivyo, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa na kampuni chache tu duniani, zikiwamo Lubrizol, Infineum, Chevron Oronite na Afton, nazo huwauzia wachanganyaji wengi. Kwa hiyo makopo mawili yenye nembo mbili tofauti na bei mbili tofauti yanaweza kuwa na viongezi vilivyotoka katika kiwanda kimoja.

Maana yake si kwamba jina halina thamani. Jina ni mdhamini. Linamwambia mnunuzi kwamba pana mtu mwenye heshima ya kulinda, ambaye ataumia iwapo bidhaa itakuwa mbaya. Lakini mdhamini si shahada. Jambo hili linafahamika vema katika dawa: vidonge vya paracetamol vyenye jina la kibiashara lililo maarufu na vile vyenye jina la kikemikali tu hutuliza homa ile ile, mradi vyote vimetengenezwa kwa kipimo kimoja na kukaguliwa. Nchini Marekani Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 ilifika mahali pa kumkataza mtengenezaji kumlazimisha mteja atumie bidhaa yenye nembo fulani ili dhamana ya gari lake isivunjike, isipokuwa bidhaa hiyo itolewe bure au mtengenezaji apate kibali maalumu. Msingi wa sheria hiyo ni huo huo: linalotakiwa ni kiwango.

Mafuta ya breki na unyevu wa delta

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mafuta ya breki, nao ndio wenye hatari kubwa zaidi. Malori makubwa na mabasi makubwa hutumia breki za upepo. Magari madogo, pamoja na mabasi madogo na magari mengi ya kubebea mizigo midogo, hutumia kimiminiko kinachosukuma nguvu ya mguu wa dereva hadi kwenye magurudumu. Kimiminiko hufanya kazi hiyo kwa sababu hakibonyezeki. Mvuke hubonyezeka. Mafuta ya breki yakichemka, mapovu ya mvuke hujitokeza ndani ya mabomba, na dereva akikanyaga, mguu wake huibonyeza mivuke hiyo badala ya kuyasimamisha magurudumu. Kanyagio huzama hadi sakafuni, na gari linaendelea na safari.

Kwa sababu hiyo mafuta ya breki hupimwa kwa nyuzi za joto ambazo huchemkia. Viwango vinavyotumika sana ni vile vya Idara ya Usafirishaji ya Marekani, ambavyo huandikwa DOT na tarakimu. DOT 3 haina budi kuvumilia angalau nyuzi 205 za Sentigredi ikiwa mpya na kavu, DOT 4 nyuzi 230, na DOT 5.1 nyuzi 260. Hapa ndipo delta ya Rufiji inapoingia katika hesabu. Aina hizi tatu hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, ambazo hufyonza unyevu wa hewa. Mafuta yakishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7 ya uzito wake, viwango hivyo vinaruhusu nyuzi za kuchemka kushuka hadi 140 kwa DOT 3, 155 kwa DOT 4, na 180 kwa DOT 5.1.

Msomaji na azipime tarakimu hizo kwa makini. DOT 3 iliyolowa inaweza kuchemkia nyuzi 140. DOT 4 mpya kutoka kopo lililofungwa huvumilia 230 au zaidi. Tofauti ya nyuzi 90 haikuletwa na nembo. Imeletwa na kiwango, na zaidi ya hapo imeletwa na unyevu na muda. Katika nchi ya mikoko, ambako hewa ya bahari haikauki mwaka mzima, kopo la mafuta ya breki lililofunguliwa na kuachwa rafuni wiki kadhaa, likiuzwa kidogo kidogo, linapoteza sifa zake hata kama nembo yake ni ya kampuni maarufu kuliko zote. Kopo la jina dogo lenye kiwango kinachotakiwa, lililofunguliwa mbele ya mnunuzi, ni salama kuliko hilo.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lingekuwa: je, gari linataka DOT ngapi? Jibu kwa kawaida limeandikwa juu ya kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, ndani ya boneti. Swali la pili: je, kopo limefungwa? La tatu: je, mafuta yaliyomo garini yana umri gani? Watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Gari lililokaa miaka sita bila kubadilishwa mafuta hayo haliokolewi na jina. Na ieleweke kwamba kuongeza oili ya injini katika breki, ati kwa kuwa nayo ni mafuta, ni hatari kabisa: oili ya petroli huvimbisha mipira ya breki hizo na kuiharibu.

Oili ya injini: herufi mbili na tarakimu mbili

Katika oili ya injini mambo mawili husomwa. La kwanza ni mnato, yaani uzito wa mtiririko. Chama cha Wahandisi wa Magari cha Marekani kiliweka utaratibu wa kuupima tangu mwaka 1911, na ndiyo asili ya maandishi SAE juu ya makopo. Oili iliyoandikwa 20W-50 ina tarakimu mbili. Ile iliyo mbele ya herufi W inahusu tabia ya oili injini inapowashwa katika baridi kali. Ya pili inahusu mnato wake katika nyuzi 100 za Sentigredi, injini ikiwa imekwisha kupata moto. Kwa kuwa Kibiti haijui baridi ya chini ya sifuri, tarakimu ya kwanza haina uzito mkubwa hapo kama ilivyo huko Ulaya ya Kaskazini. Tarakimu ya pili ndiyo yenye neno. Injini za kisasa zilizobuniwa kwa oili nyepesi ya 0W-20 zina nafasi nyembamba kati ya vyuma vyake, na kuzijaza oili nzito ya 20W-50 kwa imani kwamba nzito ndiyo kinga ni kuzichosha pampu na kupoteza petroli. Kinyume chake, injini ya kizamani iliyotakiwa oili nzito haifaidiki na kopo la bei kubwa la oili nyepesi.

La pili ni daraja la ubora. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, hutumia herufi mbili. Kwa injini za petroli herufi ya kwanza ni S, na ya pili huonyesha kizazi: kadiri inavyosonga mbele katika abjadi, ndivyo masharti yalivyo magumu zaidi. Kwa injini za dizeli herufi ya kwanza ni C. Daraja la SP lilianza kutumika mwaka 2020. Daraja la SL lilikusudiwa injini za mwaka 2004 na kabla yake. Daraja la SF lilikusudiwa injini za mwaka 1988 na kabla yake, na taasisi hiyo imekwisha kulitangaza kuwa limepitwa na wakati. Daraja la SA, lisilokuwa na viongezi vyovyote, halifai kwa injini ya petroli iliyoundwa baada ya mwaka 1930.

Hapa ndipo msemo wa "mafuta ni mafuta" unapoanguka. Mtu anayeitilia gari lake la mwaka 2008 oili ya SF, kwa kuwa ni nafuu, hakuokoa fedha. Amenunua kinga iliyobuniwa kwa injini za kizazi kingine. Rahisi ni ghali, walisema wahenga. Lakini hapo hapo msemo wa "weka ya kampuni yenyewe" nao unapungua nguvu, kwa sababu oili ya SN au SP yenye mnato unaotakiwa, ikiwa ni ya kweli, inatimiza masharti ya gari hilo kwa jina lolote.

Si budi kuongeza tahadhari moja. Kiwango ni sakafu, si dari. Bidhaa mbili zenye daraja moja zote zimevuka mstari, ila moja yaweza kuwa imeuvuka kwa kidogo na nyingine kwa mbali. Mwenye gari linalobeba mizigo mizito kila siku katika vumbi na tope ana haki ya kutafuta kilicho juu ya sakafu. Hata hivyo kubadilisha oili ya kiwango sahihi kwa wakati wake kuna manufaa zaidi kuliko kununua oili ya fahari na kuiacha injini iitumie kwa muda mrefu mara mbili ili kufidia bei.

Pale jina linapostahili

Haki inadai isemwe kwamba yapo mahali ambapo jina lina uzito wa kweli. Giaboksi zinazojibadilisha zenyewe ni mfano. Toyota, kwa mfano, ilitumia mafuta iliyoyaita Type T-IV kwa giaboksi zake nyingi, kisha ikaleta mafuta mepesi zaidi iliyoyaita WS. Aina hizo mbili hazifanani, na giaboksi iliyobuniwa kwa moja haifai kupewa nyingine kwa kubahatisha. Kadhalika giaboksi zinazotumia mkanda wa chuma badala ya gia hutaka mafuta maalumu. Masharti ya mafuta haya ni mali ya kampuni iliyounda gari, wala hayakutangazwa kwa ukamilifu kama yalivyotangazwa ya DOT au ya API. Mchanganyaji mwingine akiandika juu ya kopo kwamba mafuta yake "yanafaa kwa" giaboksi fulani, hayo ni maneno yake mwenyewe. Ni tofauti na kuandika kwamba "yameidhinishwa na" kampuni ya gari. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili yaweza kuwa bei ya giaboksi nzima.

Hata majina ya viwango huweza kuzeeka. Kampuni ya General Motors iliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa mwaka 2006. Tangu hapo maneno "Dexron III" juu ya kopo hayana msimamizi, na kila mchanganyaji huyaandika kwa dhamiri yake. Kwa giaboksi za namna hii, mwenye gari asiye na hakika afadhali aulipie mlango wa mtengenezaji, au bidhaa ya kampuni ya mafuta inayotaja idhini waziwazi. Hapo ananunua jina kwa sababu jina ndilo kiwango.

Kuna pingamizi jingine linalotolewa na mafundi, nalo si dogo: bidhaa bandia. Husemwa kwamba katika soko lenye ulaghai, kinga ya pekee ni jina kubwa. Mantiki ya jambo hilo ni kinyume. Mlaghai haghushi jina lisilojulikana. Hughushi lile lenye bei na sifa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kibaya kikivaa nguo ya kizuri nacho hujiuza. Kinga, basi, imo katika mahali pa kununulia: muuzaji anayejulikana, risiti, kifuniko kisichoguswa, namba ya toleo iliyochapwa kwenye kopo. Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango Tanzania zina mamlaka ya kushughulikia bidhaa ghushi na zile zisizofikia viwango, ila hazina macho katika kila duka. Macho hayo ni ya wananchi. Chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa oili kutoka pipani haina jina wala kiwango, na mnunuzi wake hana wa kumdai.

Maji ya rejeta, mashine za boti na pikipiki

Katika delta kishawishi cha kujaza rejeta maji yaliyo karibu ni kikubwa, kwa kuwa maji yapo kila upande. Lakini maji ya vijito vinavyopandwa na bahari yana chumvi, na chumvi hula chuma na alumini kwa haraka. Kimiminiko cha kupoozea injini kina kazi mbili: kuinua kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Kibiti, kama pwani yote, haihitaji kinga ya kuganda kwa barafu, lakini inahitaji mno kinga ya kutu. Kemia zake ni za namna mbalimbali. Watengenezaji wa Japani kwa muda mrefu wamependelea fosfati na kuepuka silikati, na wa Ulaya wamependelea kinyume chake, kwa kuwa fosfati huacha magaga katika maji magumu yaliyo mengi huko. Rangi ya kimiminiko haithibitishi aina yake, maana hakuna sheria ya kimataifa inayoitawala. Asiyekuwa na fedha ya kununua kilicho tayari anaweza kununua kilichokolea cha aina inayotakiwa na kukichanganya na maji safi yasiyo na chumvi; ya mvua iliyokingwa kwa usafi yanafaa kuliko ya kisima chenye magadi. Ikumbukwe kwamba glaikoli ya rejeta ni sumu yenye ladha tamu. Isiwekwe katika chupa ya soda, wala isiachwe mahali mtoto anapofika.

Kwa wakazi wa Salale, Mbwera na vijiji vingine vya delta, chombo cha safari ni boti kuliko gari. Injini nyingi za kupachika ni za mapigo mawili, ambazo huunguza oili pamoja na petroli. Kiwango chake ni TC-W3, ambacho huthibitisha oili isiyoacha majivu. Mvuvi akichanganya petroli na oili ya gari, viongezi vyake huacha majivu yanayoziba plagi, na mashine inaweza kuzimika katikati ya mlango wa mto huku maji yakikupwa. Hapo napo hakuna haja ya nembo ya kampuni iliyounda mashine. Herufi TC-W3 zinatosha, mradi ni za kweli.

Pikipiki zina kanuni yake. Pikipiki nyingi za abiria hutumia oili moja kwa injini, gia na klachi. Baadhi ya oili za magari, hasa zile nyepesi za kuokoa petroli, zina viongezi vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ikikosa msuguano huteleza. Kiwango cha Japani kiitwacho JASO MA kilitungwa kwa ajili ya jambo hili hili. Kijana wa bodaboda aliyelipa fedha nyingi kwa oili ya gari yenye nembo tukufu amejinunulia hasara. Mwenzake aliyelipa kidogo kwa oili yenye herufi MA amefanya akili.

Mafuriko yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti mwezi Aprili 2024 yaliongeza funzo moja. Chombo kilichozama, oili yake hugeuka rangi na kuwa kama maziwa kwa sababu ya maji. Oili hiyo imwagwe yote, hata kama ilinunuliwa juzi na kwa bei kubwa. Wala isimwagwe mtoni. Mikoko ya delta ya Rufiji ndiyo mkusanyiko mkubwa kuliko yote wa Afrika ya Mashariki. Mchu hupumua kwa vijiti vya mizizi vinavyochomoza matopeni, na oili ikivifunika huvikaba. Kambamiti wa Rufiji hukulia katika maji hayo hayo. Oili chakavu ikusanywe katika pipa na kupelekwa kwa wanaoruhusiwa kuipokea, iwe imetoka katika kopo la jina kubwa au dogo.

Nafasi ya shule

Yote yaliyosemwa hayahitaji elimu ya Chuo Kikuu. Mnato, kuchemka, mgandamizo, oksidisho na kutu ni mada za fizikia na kemia ya sekondari, na zinafundishwa mara nyingi kwa mifano iliyo mbali na mwanafunzi. Mwalimu wa Kibiti ana maabara mlangoni pake.

Jaribio moja ni jepesi. Kopo safi litobolewe chini kwa msumari mdogo, lijazwe oili ya SAE 50 hadi alama, na wanafunzi wapime kwa saa muda unaotumika kumwagika hadi alama ya chini. Lirudiwe kwa oili ya 20W-50. Kisha oili zote mbili zipashwe moto ndani ya chombo kilichowekwa katika maji ya moto, na kipimo kirudiwe. Wanafunzi wataona kwamba zile zinazoonyesha tofauti zikiwa baridi hukaribiana zikiwa moto, nao watafahamu maana ya tarakimu mbili kuliko watakavyoifahamu kwa kukariri. La pili ni kudondosha tone moja la oili chakavu juu ya bati la moto, chini ya uangalizi wa mwalimu na macho yakiwa yamekingwa: oili iliyochanganyika na maji hulia na kurusha matone, na iliyo kavu hukaa kimya.

Muhimu zaidi ni kile ambacho majaribio hayo hayawezi kuonyesha. Hakuna kopo lililotobolewa litakalofichua viongezi vilivyomo, wala hakuna vidole vya fundi, hata awe na uzoefu wa miaka 30, vitakavyotofautisha SF na SP kwa kusugua. Oili nzuri hugeuka nyeusi upesi, kwa sababu inasafisha masizi na kuyabeba. Weusi huo wengi huudhani ni ubovu. Mwanafunzi anayeelewa mpaka wa kipimo chake ameanza kufikiri kisayansi. Anafahamu kwa nini jamii inahitaji maabara za taifa na viwango vilivyokubaliwa, badala ya kila mtu kutegemea pua yake au sifa za tangazo.

Magari mengi yaliyotoka Japani yana vitabu na vibandiko vya Kijapani, na makopo mengi yana Kiingereza. Lingekuwa jambo la faida kila kopo linalouzwa nchini liwe na maelezo machache kwa Kiswahili: kiwango chake, kazi yake, tarehe yake na hatari yake. Hadi hapo itakapokuwa hivyo, mwanafunzi anayejua kusoma DOT 4, 15W-40, TC-W3 na JASO MA ni hazina kwa baba yake mwenye basi dogo na kwa mjomba wake mwenye boti. Safari ijayo ya abiria wa Nyamisati, pamoja na ada ya shule ya mtoto wa dereva, zinategemea kopo litakalochukuliwa rafuni asubuhi hiyo. Litachukuliwa vema iwapo atakayelichukua ameuliza kwanza gari lake linataka kiwango gani, kisha akatafuta kiwango hicho katika kopo lililofungwa, kwa muuzaji aliye tayari kuandika risiti, na mwisho kabisa ndipo akaangalia jina.